Safu ya Mengineyo

Watu wa hospitali ile hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Binti Kaburi, naye aliitika bila kinyongo, kwa sababu lilikuwa jina la heshima. Baba yake alikuwa mtunza kumbukumbu katika chumba kilekile cha faili kwa miaka thelathini na mmoja, na watu walimpa jina la Kaburi kwa kuwa kilichoingia kwake hakikutoka. Aliyetaka kujua fulani anaumwa nini alimwendea na soda mkononi, akarudi na chupa tupu na habari za mvua. "Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha," mzee alizoea kusema, "na mwosha akisema, hapewi maiti mwingine."

Binti alirithi kiti, dirisha dogo la kioo, na rafu za chuma zilizobonyea katikati kwa uzito wa karatasi. Zaidi ya hayo alirithi utaratibu. Katika mji ule majina yalifanana mno. Ungeita jina moja pale kwenye benchi wakasimama watu wanne, na mmoja wao angechomwa sindano isiyo yake. Kwa hiyo mzee alichora safu moja ya ziada mwishoni mwa daftari, akaiita Mengineyo, na humo aliandika kile kitakachomtofautisha mtu na wajina wake: dereva wa gari la taka, mama wa mapacha, mwenye kigugumizi, anayeuza miwani sokoni. Faili hazikuchanganyika tena. Daftari zilipohamia kwenye kompyuta, safu ya Mengineyo ilihamia pamoja nazo, na Binti aliendelea kuijaza kama alivyofundishwa.

Siku za Alhamisi aliijaza kwa uangalifu zaidi. Hiyo ilikuwa siku ya Chumba Namba Tisa, kliniki ya watu wanaoishi na virusi, wanaokunywa dawa kila siku ya maisha yao. Mlangoni hapakuandikwa kitu ila namba. Wenyewe walisema tu, "Mimi ni wa Alhamisi," tena kwa sauti ya chini, na katika chumba cha faili ni Binti peke yake aliyekuwa na ufunguo wa kabati lao.

Binti alikuwa na miaka hamsini na mmoja Mganga Mkuu alipowakusanya watumishi na kuwatangazia mabadiliko.

"Chumba cha faili kina watu watatu," alisema. "Mwakani kitakuwa na mashine yenye akili bandia na mtu mmoja wa kuiongoza. Sisemi atakuwa nani. Ila kuna kozi mtandaoni, na mwenye cheti atasikilizwa kwanza."

Watatu hao walikuwa Binti, mzee mmoja aliyebakiza miezi mitano astaafu, na mwanamke wa miaka thelathini aliyeitwa Dada Muhuri, kwa vile aligonga mihuri kama anayeua mende. Mzee alicheka, akasema mashine imkute kwake anamwagilia mboga. Dada Muhuri alitoa simu akaanza kutafuta kozi palepale. Binti hakucheka wala hakutoa simu. Aliona chumba kile bila mtu wa ukoo wake ndani yake.

Alijiandikisha kesho yake. Kozi ilikuwa ya wiki nane, ya chuo cha mbali, na ilifundishwa kwa Kiswahili, jambo lililompa moyo. Mwalimu alikuwa bwana mmoja mwenye tai, aliyezungumza kama mtu anayeachwa na basi. Binti alipunguza kasi ya video, mwalimu akaanza kuburura maneno kama mlevi. Akaona heri mlevi.

Alisoma mapumziko ya mchana nyuma ya rafu ya mwisho, akiwa amekalia boksi la fomu za zamani, na sikio moja kwenye mlango. Alikuwa amedhani akili bandia ni kitu kama radi, kinachoshuka tu. Kumbe ni kitu cha kulishwa. Unaipa mashine mifano ya yaliyopita, inatafuta yanayofuatana, kisha inabahatisha yajayo; na ukiilisha vizuri, inabahatisha vizuri.

"Ni kama mama mkwe," alimweleza mumewe, fundi wa kuchomelea mageti. "Ukimpa habari za watu wa kutosha, anakutajia nani hatakuja harusini."

"Afadhali mama mkwe," mumewe alisema. "Huyo hulala."

Lakini hofu haikumtoka. Kila jaribio la mwisho wa wiki lilimkausha mate. Alipoona alama nyekundu alifunika simu kwa kiganja kana kwamba rafu zinaona. Wiki ya nne alifeli mara mbili. Akasikia Dada Muhuri akimwambia mtu kwenye simu kwamba yeye tayari yuko wiki ya sita, na siku hiyo chai yake ilipoa kikombeni.

Kisha likaja zoezi la mwisho: chagua tatizo la kazini kwako, kusanya data, fundisha modeli itabiri jambo lenye manufaa. Hapo Binti alijiona yuko nyumbani. Tatizo alilijua kuliko daktari yeyote. Kila mwezi kati ya watu mia nne na kumi na wawili wa Alhamisi, kama arobaini hawakuja kuchukua dawa, na baadhi yao waliporudi walirudi kwa machela. Kama mashine ingeweza kumwambia mapema nani hatakuja, wangetafutwa kabla hawajaanguka. Lilikuwa wazo jema, na atakayelicheka basi hajawahi kuona mtu mzima akibebwa kama nguo zilizoloa.

Somo la sita lilionya: kabla ya kutumia data za watu, ondoa majina, namba za simu na anwani. Binti alinakili jedwali, akafuta safu ya majina, akafuta simu, akafuta anwani. Alikagua mara tatu. Modeli yake ya kwanza ilipatia sabini na moja katika mia. Mwalimu mwenye tai alisema matokeo yakiwa hafifu, ongeza habari. Habari ilikuwepo. Akaongeza safu ya Mengineyo, na mashine ikapanda mpaka themanini na tatu.

Alisimama pale nyuma ya rafu akatabasamu peke yake. Hakuwa amemwomba Mganga Mkuu ruhusa. Alitaka amshangaze na cheti mkononi. Na hatari ya safu ile hakuiona. Kwake yeye jina la mtu lilikuwa lile la safu ya kwanza. Miaka ishirini na sita ya kuijaza Mengineyo ilimfanya asiitazame tena, kama mtu asivyoitazama pua yake mwenyewe.

Jumatatu mchana aliwasilisha kazi yake, jedwali likiwa limeambatishwa. Utaratibu wa kozi ulikuwa kwamba kazi ya kila mwanafunzi husahihishwa na wenzake watatu. Majina yalifichwa, kila mtu akawa namba. Na ili wanafunzi waweze kusaidiana, chuo kiliwapanga katika makundi ya watu wanaoishi karibu karibu. Hilo nalo, mwanzoni, lilikuwa limemfurahisha.

Jumatano saa saba na nusu, akiwa na kipande cha mkate mdomoni, aliona ujumbe kutoka kwa Mwanafunzi 2208.

"Kazi nzuri na yenye manufaa. Nina swali moja. Mstari wa 117, mke wa fundi saa mwenye kovu shavuni. Ni yule wa mtaa wa zimamoto? Kama ndiye, huyo ni shemeji yangu."

Aliuweka mkate chini. Alifungua jedwali, akashuka kwa kidole mpaka mstari wa 117, na katika safu ya mwisho akasoma maneno aliyoyaandika mwenyewe miaka sita iliyopita, kwa huruma, mwanamke yule akiwa amesimama mbele ya dirisha na machozi yamefika kidevuni: *mke wa fundi saa, kovu shavuni, asipigiwe simu, nyumbani hawajui.*

Akapanda juu, akashuka chini. Mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana. Dereva wa gari la taka, mwembamba. Mama wa mapacha, aliyefiwa. Wote walikuwepo, mia nne na kumi na wawili, wakiwa uchi bila majina yao, na yeyote wa mji ule angemtambua kila mmoja kwa mgongo.

Alibonyeza neno "ondoa". Likatokea jibu: kazi iliyowasilishwa haiwezi kuondolewa mpaka tathmini ikamilike Ijumaa. Akaandika kwa dawati la msaada kwamba kuna siri za wagonjwa zimetoka kwa makosa, tafadhali wazifute sasa hivi. Jibu lilikuja kabla hajashusha pumzi. "Asante kwa kuwasiliana nasi. Naona una swali kuhusu kazi uliyowasilisha. Je, ungependa kujua jinsi ya kuboresha alama zako?" Akaandika tena. Likamshukuru tena. Ndipo alipoelewa kwamba hakuna mtu upande wa pili; alikuwa anailalamikia mashine.

Saa nane na dakika kumi 2208 aliandika mara ya pili. "Naona umesoma ujumbe wangu. Tunaishi nyumba moja. Kaka yangu anajua?"

Binti alizima simu. Alasiri nzima alipeleka faili kwenye vyumba visivyo vyake. Dada Muhuri akamuuliza, "Dada, unaumwa?" Akajibu, "Macho tu."

Nyumbani alimkuta mumewe uani akikwangua kutu, akamweleza kila kitu amesimama, bila kuvua viatu.

"Mashine haina mdomo," mumewe alisema baada ya kufikiri. "Nyamaza. Ijumaa si keshokutwa? Unaifuta, imekwisha. Huyo bwana hajui wewe ni nani. Wewe ni namba."

"Mimi namba. Shemeji yake si namba."

"Je, ukisema, ukafukuzwa?"

"Nisiposema je, akaambiwa leo mezani?"

Mumewe akarudia kutu yake. Binti akamwendea mama yake, aliyekuwa sebuleni na miwani puani. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane wa Kaburi, mwanamke ambaye wageni walijikuta wakirekebisha kola zao kabla ya kumsalimia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Baba yako alikufa bila doa," alisema.

"Najua, Mama."

"Aliwahi kuulizwa na kaka yangu mimi, shemeji yake wa damu, kuhusu mchumba wa mtoto wetu. Akamwambia faili limeliwa na panya. Miaka kumi na miwili hawakusemezana."

"Najua. Sasa nifanye nini?"

"Nikikuambia unyamaze, nitakuwa nimekulea bure. Nikikuambia useme, nitakuwa nimemzika mzee wako mara ya pili. Usinitie katika hilo. Lakini sikiliza. Jina zuri halikuwa la kukaa nalo sisi ndani na kulifuta vumbi. Tulipewa na wale wa benchini. Wakitaka kulichukua, ni lao."

Binti hakupata usingizi, na asubuhi ya Alhamisi, kabla chumba hakijafunguliwa, alikuwa mlangoni kwa Mganga Mkuu. Alisema yote kwa mpangilio, kama anavyosoma faili: alichochukua, alichofuta, alichosahau, ni nani aliyekisoma. Hakusema alikuwa na nia njema. Alihofia kwamba akiitaja, atalia.

Mganga Mkuu alimtazama kama mtu anayetazama picha ya mfupa uliovunjika. Akapiga simu chuoni, akapokewa na mashine, akaikatia. Akapiga kwa mtu anayemjua wizarani, na huyo akampata binadamu. Saa mbili na nusu kazi ilikuwa imeondolewa mtandaoni. Watatu walikuwa wameifungua. Hakuna aliyeweza kusema kama waliinakili.

"Umesimamishwa kuanzia kesho," Mganga Mkuu alisema. "Leo hakuna mwingine anayeijua Alhamisi. Na hao wote mia nne na ushee wataelezwa, mmoja mmoja. Utaanza wewe leo, na wanaokuja leo."

"Ndiyo, Daktari."

"Nafasi ile ya kuongoza mashine, nilikuwa nimeshaandika jina lako," alisema, na akageukia karatasi zake.

Alikaa dirishani. Mtu wa kwanza alikuwa dereva wa gari la taka, ambaye alimsikiliza akikunakuna shingo, kisha akauliza kama na kazini kwake watajua, na Binti akasema hajui. Hilo lilikuwa neno gumu kuliko yote ya siku ile. Hajui. Kwa miaka ishirini na sita watu walikuja pale dirishani kwa sababu yeye alijua.

Mke wa fundi saa alifika saa nne. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mkoba wa kushonwa na kovu jembamba kutoka sikioni hadi karibu na mdomo. Alisalimia kwa uchangamfu, akauliza hali ya mama. Binti alimfungulia mlango wa pembeni, jambo lisiloruhusiwa, akamkalisha kwenye boksi la fomu za zamani nyuma ya rafu.

Alimwambia. Alimwonyesha jumbe mbili za 2208.

Mwanamke alizisoma taratibu. Alipofika kwenye neno shemeji, kidole chake kilisimama.

"Jana alikula bila kuniangalia," alisema. "Nikasema labda nimezidisha chumvi."

"Dada, nisamehe."

"Subiri kwanza. Sina nafasi ya hilo sasa." Alifunga macho. "Kaka mtu bado hajui. Ningeona. Yule hawezi kuficha hata kwamba amevunja kikombe. Kwa hiyo nina muda mpaka mchana, mdogo wake akirudi kula."

"Twende wote. Nitamweleza mimi, kosa ni langu."

Mwanamke akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama anayetazama mtu mzima aliyesahau kuvaa kiatu kimoja.

"Uje nami? Mtaa mzima unakujua wewe ni nani na una ufunguo wa kabati gani. Ukitembea nami hatua kumi siku ya Alhamisi, utakuwa umewaandikia wote. Kaa hapahapa."

Alichukua dawa zake, akazizungushia kitambaa zisicheze mkobani, akaondoka. Binti alimfuata kwa macho kupitia kioo mpaka getini. Pale mwanamke alisimama, akaelekea kulia, akarudi, akaelekea kulia tena.

Saa zilizofuata Binti alizihesabu kwa watu. Mama wa mapacha alimtukana, kwa sauti ndogo, tusi moja tu. Mwalimu wa hesabu alichukua dawa za mwezi akaomba barua ya kuhamia hospitali nyingine, ya mji mwingine, saa tatu kwa basi. Wengine walimfariji, na faraja yao ilimchoma kuliko lile tusi. Kila mlango wa nje ulipolia, aliinua kichwa. Aliwaza kipigo. Aliwaza mkoba wa kushonwa umetupwa nje ya nyumba. Aliwaza mambo ambayo faili zilimfundisha kwamba hutokea, kwa sababu yote hayo aliyaandika yeye, miaka na miaka, katika safu ileile.

Saa nane na robo mwanamume mfupi mwenye koti la kijivu alisimama mbele ya dirisha. Vidole vyake vilikuwa na mafuta meusi kuzunguka kucha, na kuzunguka jicho moja alama ya duara ya lenzi aliyokuwa ameivua muda si mrefu. Nyuma yake, hatua mbili, alisimama mkewe, mkoba ukiwa begani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alisimama wima.

"Nimeambiwa nije kupima," fundi saa alisema. "Naanzia wapi?"

"Hapa, kaka. Unaandikishwa kwanza." "Karibu."

Alivuta kibodi. Fundi saa hakusogea karibu. Alimtazama kupitia tundu la kioo kwa utulivu wa mtu aliyezoea kufungua vitu vidogo.

"Wewe ndiye uliyeandika habari za mke wangu?"

"Ndiyo. Mimi."

"Mwaka gani?"

"Miaka sita sasa."

Aligeuka akamtazama mkewe, na mkewe hakuinamisha kichwa. Nyuma yao watu wa benchi walijifanya wanasoma dari. Fundi saa akaligeukia dirisha tena.

"Miaka sita ulijua, nami sikujua, na nilikuwa nikikupita hapa getini nakusalimia," alisema. "Sikulaumu kwa kunificha. Hiyo ilikuwa kazi yako. Lakini leo naomba aniandike mtu mwingine."

Binti alibaki na vidole juu ya kibodi. Alitaka kusema kwamba mwingine haijui Alhamisi, kwamba mwingine atakosea. Akakumbuka ni nani aliyekosea. Akasimama, akamwita Dada Muhuri kutoka chumba cha nyuma, akamwachia kiti, na ufunguo wa kabati akauweka mezani mbele yake.

Dada Muhuri aliketi, akamwangalia mwenzake aliyejibanza ukutani, akamwangalia mteja.

"Jina, kaka?" aliuliza.

Fundi saa aliinama kwenye tundu la kioo akalinong'ona, chini sana, ili lisimfikie yule wa ukutani.